Bima ya Gari ni ya Nani?



Wazee wetu husema kwamba ajali haina kinga. Neno hilo ni la kweli, wala bima ya gari hailikanushi. Bima haizuii tairi kupasuka, haimwamshi dereva aliyesinzia, wala haimwondoi mtoto barabarani. Kazi yake huanza baada ya jambo kutokea. Ndiyo maana watu wengi hulipa ada ya bima kila mwaka kama walipavyo faini, wakisema, "Tunalipa ili trafiki asitusumbue." Na kwa sababu hiyo hiyo, ajali inapotokea, hakuna ajuaye cha kufanya.

Sisi wa Mazingara, na jirani zetu wa upande wa Handeni na wa Korogwe, jambo hili latuhusu sana. Barabara ya Korogwe hadi Handeni, kilometa 65, na ile ya Handeni hadi Mkata, kilometa 54, sasa zina lami. Tunashukuru, maana wagonjwa wanafika hospitali upesi na mazao yanafika sokoni. Lakini lami imeleta na mwendo wa kasi, na pikipiki za bodaboda zimekuwa nyingi kuliko baiskeli za zamani. Wala hatujasahau usiku wa tarehe 3 Februari 2023, pale Magila Gereza wilayani Korogwe, ambapo Coaster iliyokuwa imebeba watu wa msiba kutoka Dar es Salaam kwenda Rombo iligongana na Fuso. Hesabu ya kwanza iliyotangazwa ilikuwa watu 17 waliofariki na 12 waliojeruhiwa. Hatuitaji ajali hiyo ili kumhukumu mtu. Twaitaja kwa kuwa ilitokea karibu na kwetu, na waliokuwamo walikuwa watu kama sisi, waliokwenda kuzika.

Hebu sasa tufikiri juu ya jambo ambalo wengi wetu tumeliona. Mtu anagongwa barabarani na kufariki. Wazee wanaketi. Mwenye gari anakuja na mchele, maharage, mafuta ya kupikia na fedha za jeneza. Karatasi inaandikwa kwamba mambo yamekwisha, na kila mmoja anatia sahihi au dole gumba. Mwenye gari ameonyesha utu, nasi twamsifu. Lakini mwaka unapopita, mjane amebaki na watoto na ada za shule, na kumbe gari lile lilikuwa na bima iliyokatwa kwa ajili ya watu kama yeye. Hakuna aliyemwambia. Fidia aliyostahili haikuombwa na mtu.

Ndiyo sababu tumeuliza: bima ya gari ni ya nani? Somo hili litajaribu kujibu.

1. BIMA NI NINI

Bima ni watu wengi kuchangia kidogo kidogo ili mmoja wao akipatwa na hasara, alipwe kutoka katika mfuko ule. Hapa kijijini tunaijua desturi hiyo katika chama cha kuzikana. Tofauti ni kwamba katika bima mfuko unashikwa na kampuni, na ahadi yote imeandikwa katika mkataba. Fedha unayotoa huitwa ada ya bima. Fedha unayolipwa baada ya hasara huitwa fidia.

Fidia maana yake ni kumrudisha mtu pale alipokuwa kabla ya hasara, kadiri fedha inavyoweza. Haikuwekwa ili mtu apate faida. Mwenye gari la shilingi milioni 6 hawezi kulipwa milioni 10 kwa sababu tu gari limeungua.

Katika nchi yetu, Shirika la Bima la Taifa lilianzishwa mwaka 1963. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 shughuli zote za bima Tanzania Bara zilikuwa mikononi mwake. Sheria ya mwaka 1996 iliruhusu tena kampuni nyingine, na sasa ziko nyingi. Msimamizi wao wote ni Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, ijulikanayo kama TIRA, iliyowekwa na Sheria ya Bima ya mwaka 2009.

Zamani tulizoea kuona stika ya karatasi kwenye kioo cha mbele. Siku hizi stika ni ya kielektroniki, na habari za kila bima ya gari huingizwa katika mfumo wa TIRA. Kwa namba ya gari unaweza kuhakiki kwa simu kama bima ipo na inaisha lini. Kila anayekata bima kwa wakala na ahakiki siku ile ile. Si wote wanaotembea na risiti mkononi ni mawakala wa kweli, na bima bandia haimlipi mtu.

2. BIMA NDOGO: BIMA YA MTU WA TATU

Hii ndiyo bima ambayo sheria inamlazimisha kila mwenye chombo cha moto kinachotembea barabarani kuwa nayo, pikipiki zikiwamo. Sheria yenyewe ni Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169.

Kwa nini huitwa bima ya mtu wa tatu? Mtu wa kwanza ni mwenye gari. Wa pili ni kampuni ya bima. Wa tatu ni yule ambaye hakuwamo katika mkataba, hakulipa ada, labda hata hamjui mwenye gari: mama aliyekuwa akivuka barabara na ndoo ya maji, mwanafunzi, mwendesha baiskeli, au mtu aliyekuwa katika gari jingine.

Hapo jibu la swali letu linaanza kuonekana. Bima ndogo si ya mwenye gari. Yeye anailipia, lakini imewekwa kwa ajili ya jirani yake atakayeumizwa. Kwa mwenye gari faida yake ni hii, kwamba kampuni hulipa deni ambalo lingemlazimu kuuza shamba au nyumba.

Sheria inalazimisha bima hiyo kwa ajili ya kifo na majeraha ya mwili. Mikataba mingi huongeza pia hasara ya mali ya mtu wa tatu, kama vile ukuta, ng'ombe au gari la mwenzako, mpaka kiwango kilichoandikwa.

Sasa angalieni ni nani asiyelindwa na bima hii. Hapa ndipo wengi wanapokosea.

Kwanza, gari lako mwenyewe. Likigonga mti likaharibika, bima ndogo haikulipi hata shilingi moja.

Pili, dereva aliyesababisha ajali. Majeraha yake mwenyewe hayamo.

Tatu, mfanyakazi wako aliyeumia akiwa kazini, kama dereva wa kuajiriwa au utingo. Huyo ana njia nyingine, yaani Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliowekwa na sheria ya mwaka 2008. Kila mwajiri anapaswa kuuchangia, hata mwenye gari moja aliyemwajiri dereva mmoja.

Nne, abiria asiyelipa nauli katika gari la binafsi. Sheria inalazimisha bima kwa abiria wa magari yanayobeba watu kwa malipo, kama mabasi na daladala, na kwa watu wanaobebwa kwa sababu ya kazi yao. Haimlazimishi mwenye gari dogo kumkatia bima mtu aliyempa lifti. Mikataba mingine huwaongeza abiria hao kwa ada ya ziada, lakini ni lazima iandikwe.

Basi fikirini juu ya mtu anayekaa juu ya magunia katika lori akitoka gulioni. Lori lile lina bima, lakini ni bima ya gari la mizigo. Likipinduka, mtu yule aweza kukuta kwamba hakuna bima inayomtambua. Akina mama wetu wanaopanda malori ya mahindi na machungwa na walijue neno hili.

3. BIMA KUBWA

Bima kubwa inachukua yote ya bima ndogo, tena inaongeza hasara ya gari lako mwenyewe: kugongwa, kupinduka, kuungua na kuibwa. Katikati ya hizo mbili ipo nyingine, ya mtu wa tatu pamoja na moto na wizi tu.

Ada ya bima kubwa hukadiriwa kwa asilimia ya thamani ya gari. Tuseme gari lina thamani ya shilingi 10,000,000, na kampuni inatoza asilimia 4. Ada itakuwa shilingi 400,000 kwa mwaka, na kodi juu yake. Mtu huona fedha hiyo ni nyingi, akataka kuipunguza kwa kusema gari lake ni la milioni 5. Hapo anajidanganya mwenyewe, kama tutakavyoona.

Yako mambo matatu ya kuelewa katika bima kubwa.

La kwanza ni kiasi cha kuchangia, ambacho watu wa bima hukiita eksesi. Ni sehemu ya hasara ambayo mwenye gari anaibeba mwenyewe. Ikiwa mkataba unasema asilimia 10 ya hasara, na matengenezo ni shilingi 1,500,000, wewe unatoa 150,000 na kampuni inatoa 1,350,000. Uliza kiasi hicho kabla ya kulipa ada.

La pili ni thamani. Gari likiharibika kabisa au likiibwa, kampuni hulipa thamani ya gari kwa bei ya soko ya siku ile, wala haipiti kiasi ulichoandika. Bei uliyonunulia miaka minne iliyopita haihesabiwi. Kampuni ikikulipa thamani yote, mabaki ya gari huwa mali yake.

La tatu ni sharti la uwiano, ikiwa limo katika mkataba wako. Tuseme gari ni la shilingi milioni 12, nawe umeandika milioni 8, yaani theluthi mbili ya thamani yake. Ukipata hasara ya milioni 3, kampuni itakulipa theluthi mbili tu, yaani milioni 2. Theluthi iliyobaki ni yako, maana hukuilipia ada.

Anayesafiri na gari kwenda nchi jirani, kwa mfano Mombasa kupitia Horohoro, anahitaji pia Kadi ya Njano ya COMESA, maana bima yake ya hapa haivuki mpaka peke yake.

4. MAMBO YANAYOIHARIBU BIMA

Mkataba wa bima umejengwa juu ya ukweli. Kampuni haijui gari lako wala mwenendo wako, inakuamini kwa yale unayoandika. Kwa hiyo uwongo mdogo wakati wa kuandika waweza kuivunja ahadi yote.

Matumizi ya gari. Gari lililoandikwa kuwa la binafsi lisifanye kazi ya teksi. Pikapu ya mizigo isibebe abiria kwa nauli. Hapa kwetu jambo hili hutokea hata bila nia mbaya. Kwaya imealikwa Korogwe. Mkristo mmoja ana pikapu, anajitolea kuwapeleka, na kila mwanakwaya anatoa kidogo kwa ajili ya mafuta. Je, ule ni mchango au ni nauli? Kampuni yaweza kusema ni nauli, na pia kwamba bodi la nyuma si mahali pa kukalisha watu. Afadhali kukodi gari lenye leseni ya abiria. Ikiwa lazima kutumia gari la mtu, mwenye gari aiulize kampuni yake mapema na apate jibu kwa maandishi.

Dereva. Anayeendesha awe na leseni iliyo hai, tena ya daraja linalohusu chombo kile. Leseni ya gari dogo haimruhusu mtu kuendesha basi. Kijana wa nyumbani anayejifunza kwa gari la baba yake jioni, bila kibali, ameiacha bima nyumbani.

Pombe. Mikataba yote mizuri inamkataa dereva mlevi.

Ubovu wa gari. Tairi zilizokwisha, breki mbovu, na kuzidisha mzigo au abiria, vyote huipa kampuni sababu ya kukataa.

Muda. Bima inaisha siku iliyoandikwa. Ajali ya kesho yake haina bima, hata kama umeilipia miaka ishirini mfululizo. Wala usitegemee ahadi ya wakala kwamba utalipa mwisho wa mwezi. Ada hulipwa kwanza, ndipo bima ianze.

Mtu akiuliza, je, mwenye gari akivunja masharti, yule aliyegongwa naye anapotea? Si kila mara. Sheria inamkingia mtu wa tatu mlango, ili asinyimwe haki yake kwa makosa ambayo mwenye gari ameyafanya baada ya ajali, kama kuchelewa kutoa habari. Lakini kampuni ikilazimika kumlipa, yaweza kumgeukia mwenye gari na kumdai.

5. SIKU YA AJALI

Dai la bima huanzia barabarani, siku ile ile ya ajali. Basi tufuate utaratibu huu.

(a) Simama. Kukimbia ni kosa la jinai. Ikiwa unaogopa ghadhabu ya watu, nenda moja kwa moja kituo cha polisi kilicho karibu ukajieleze.

(b) Okoa maisha kwanza. Majeruhi apelekwe hospitali, iwe Magunga, Kwamkono au popote palipo karibu. Mtu asicheleweshwe damu ikimtoka kwa sababu ya karatasi.

(c) Ita polisi. Namba ya dharura ni 112. Magari yasiondolewe kabla trafiki hajapima na kuchora ramani ya ajali, isipokuwa kwa kumwokoa mtu. Hapo polisi hutolewa fomu ya PF3, ambayo daktari huijaza kueleza majeraha. Fomu hiyo ni ya thamani kubwa. Fanya nakala yake.

(d) Andika. Namba za magari yote, majina ya madereva, jina la kampuni ya bima, majina na simu za watu wawili watatu walioona. Mwenye simu ya kupiga picha na apige magari yalivyo, alama za tairi, na barabara pande zote mbili.

(e) Toa habari kwa kampuni ya bima mapema iwezekanavyo. Mikataba huweka idadi ya siku. Ipo iliyo migumu sana, kwa hiyo soma wako leo.

(f) Usiahidi malipo wala usitie sahihi karatasi ya kukubali deni. Mikataba karibu yote inamkataza mwenye gari kufanya mapatano bila idhini ya kampuni. Ukifanya hivyo, kampuni yaweza kukuambia, "Ulikubali mwenyewe, basi lipa mwenyewe."

Neno hili la mwisho huwasumbua Wakristo wengi. Wanauliza, je, nimfiche mwenzangu ukweli? Nisimpe pole? Hapana. Kusema kweli juu ya jambo lililotokea, mbele ya polisi na mbele ya jamaa, ni wajibu wako. Kwenda hospitali, kufika msibani, kutoa mchango wa chakula, hayo yote ni mema na bima haiyakatazi. Linalokatazwa ni kujifanya hakimu na kupanga bei ya mkono au ya roho ya mtu, papo hapo, kabla mambo hayajachunguzwa. Toa msaada wako, lakini uandikwe kuwa ni rambirambi, usiandikwe kuwa ndio mwisho wa madai.

Wala tusimdanganyie mtu. Huonekana pengine kwamba kijana asiye na leseni ndiye aliyekuwa akiendesha, na familia inapanga kusema ni mjomba wake mwenye leseni. Wanadhani wanaisaidia bima kulipa. Uwongo ule ukigundulika, dai linaanguka, kesi mpya inafunguliwa, na aliyelazwa hospitali ndiye anayecheleweshewa haki yake.

6. JINSI MWENYE GARI ANAVYODAI

Jaza fomu ya madai ya kampuni, ukieleza mambo kama yalivyokuwa. Pamoja nayo peleka nakala ya mkataba, kadi ya gari, leseni ya dereva, ripoti ya polisi, ramani ya ajali, picha, na makadirio ya gereji. Usitengeneze gari kabla mkadiria hasara wa kampuni hajaliona. Kila unachopeleka kiwe na nakala unayobaki nayo, na mpokeaji akugongee muhuri wenye tarehe.

Mwishoni utapewa hati ya kukubali malipo ili utie sahihi. Isome polepole. Kwa kawaida husema kwamba ukishapokea fedha hizo huna dai jingine. Ikiwa kiasi si sahihi, sema kabla ya sahihi.

7. JINSI ALIYEUMIZWA ANAVYODAI

Hii ndiyo sehemu inayosahauliwa kuliko zote, na tungependa kila mzee wa kanisa aishike vizuri.

Dereva akishitakiwa na kutozwa faini, fedha ile huenda Serikalini. Haimfikii aliyegongwa. Wengi husubiri kesi ya jinai imalizike, kisha hurudi nyumbani wakidhani haki imekwisha kutendeka. La. Madai ya fidia ni jambo jingine, na ni lazima yaombwe.

Mwenye kuumizwa akusanye PF3 iliyojazwa, maelezo ya daktari, risiti za matibabu na nauli, ripoti ya polisi inayotaja kampuni ya bima, na nakala ya hukumu ikiwa kesi imekwisha. Ikiwa mtu amefariki, panahitajika cheti cha kifo, na jamaa wamteue msimamizi wa mirathi kwa kupitia Mahakama ya Mwanzo. Yeye ndiye atakayesimama kwa niaba ya mjane au mgane, watoto na wazazi wa marehemu. Kisha barua inaandikwa kwa kampuni ya bima ya gari lililosababisha ajali, pamoja na nakala za karatasi hizo.

Mara nyingi kampuni hukubali kuzungumza na kulipa bila mahakama. Isipokubali, aliyeumizwa anaweza kumshitaki mwenye gari katika kesi ya madai. Akishinda, sheria inaitaka kampuni ilipe hukumu ile kwa madai ambayo bima yake ni ya lazima. Lakini hapana budi kampuni ipewe taarifa mapema juu ya kesi hiyo. Taarifa isipotolewa kwa wakati, mlango wa kukwepa unabaki wazi.

Tena muda una mwisho. Madai ya kuumizwa kwa kosa la mtu yana kikomo cha miaka 3. Miaka mitatu huonekana mingi, lakini kwa mtu anayelala kitandani na mguu ulio na vyuma, hupita upesi. Tusingoje.

Wasio na uwezo wa wakili wasikate tamaa. Ipo Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na wako wasaidizi wa kisheria katika wilaya. Ofisi ya Ustawi wa Jamii ya wilaya inaweza kuelekeza.

8. KAMPUNI IKIKATAA AU IKICHELEWA

Usimalize jambo kwa simu. Andika barua kwa meneja wa kampuni, ukiomba jibu la maandishi na sababu ya kukataa kwa mujibu wa kifungu gani cha mkataba. Usiporidhika, peleka malalamiko TIRA, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, aliyewekwa chini ya Sheria ya Bima ya 2009 ili kusuluhisha wananchi na kampuni bila gharama za mahakama. Na mahakama ipo kwa mwenye kuihitaji.

Kwa haki tuseme pia upande wa pili. Si kila anayekataliwa ameonewa. Wengi hukataliwa kwa sababu hawakusoma karatasi waliyoilipia. Kampuni huusoma mkataba baada ya ajali, nasi tuusome kabla yake.

MUHTASARI

Bima ya gari ni ya nani? Bima kubwa inakulinda wewe na gari lako, pamoja na jirani. Bima ndogo ni ya jirani tu. Anayeendesha bila bima hakosi mbele ya trafiki peke yake. Amemwondolea mama mwenye ndoo kitu ambacho sheria ilimwekea. Na anayejua njia ya kudai, kisha akakaa kimya mbele ya mjane asiyeijua, naye ajiulize.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika jumuiya yenu, ni magari na pikipiki ngapi zina bima iliyo hai? Mmejuaje?

2. Gari linalotumika kwa safari za kwaya na misiba limeandikiwa bima ya matumizi gani?

3. Mtu aliyekaa juu ya mizigo katika lori ana bima gani? Mtamshauri nini?

4. Kuna tofauti gani kati ya kutoa rambirambi na kutia sahihi kwamba madai yamekwisha?

5. Je, yuko mtu karibu nanyi aliyegongwa au kufiwa katika miaka 3 iliyopita, ambaye hajadai kitu? Ni nani kati yenu atakayemtembelea wiki hii, na ni karatasi zipi atakazomsaidia kutafuta kwanza?